Pikapu ya dizeli au ya petroli? Hesabu za daftari langu, karibuni tuzipime

MLETA UZI

Wakuu salaam. Swali hili naulizwa kila mara, dukani Mbagala na shambani Ilula, Iringa, kwa sababu watu wanajua nina Hilux mbili za umbo moja, zile tunazoita Vigo. Moja ni ya petroli, injini ya 2.7 (2TR). Nyingine ni ya dizeli, 3.0 D-4D (1KD). Zote gia za mkono, zote dabo kabini.

Kijiweni utapewa majibu mawili. Mmoja atakwambia dizeli haili mafuta, chukua dizeli. Mwingine, ambaye ameshaungua, atakwambia nozeli (vile vipulizio vya mafuta kwenye injini) zitakufilisi, kimbia. Wote wanasema kweli, na bado hawajakusaidia, maana hakuna aliyekuuliza unatembea kilomita ngapi kwa mwaka, wala hela ya kununulia unaitoa wapi. Nimeandika kila lita na kila spea kwenye daftari kwa miaka mitano. Naweka hesabu hapa, mwenye kuona kosa anisahihishe.

Nianze na mafuta. Bei inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati, wakitoa bei kikomo, kwa hiyo nachukua shilingi 2,900 kwa lita kwa mafuta yote mawili ili hesabu isitupotee. Ya petroli kwa wastani wa mjini na safari inanipa kilomita 8 kwa lita. Ya dizeli inanipa 11. Gawanya: petroli ni kama shilingi 362 kwa kilomita, dizeli 263. Pengo ni shilingi 99 kwa kila kilomita. Kwa anayetembea kilomita 30,000 kwa mwaka hiyo ni karibu milioni 3. Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari na kwenda kutafuta dizeli.

Msilifunge. Kwanza, bei hazilingani siku zote. Miezi ya mwisho ya 2022 dizeli hapa Dar ilikuwa juu ya petroli. Dizeli ikizidi kwa shilingi 200 tu, lile pengo la 99 linashuka hadi 81. Pili, injini ya dizeli inadai vitu vyake.

Sevisi: 1KD inakunywa karibu lita 7 za oili, 2TR lita 5 na nusu hivi. Ongeza filta ya dizeli, ambayo mimi sivushi kilomita 10,000. Tofauti kwangu, baada ya kutoa plagi za ile ya petroli, ni shilingi 8 kwa kilomita.

Nozeli: hapa tukae kidogo. Dizeli za kisasa zinasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya bar 1,000, wakati 2TR inapuliza petroli kwa bar chache tu. Presha hiyo ndiyo inayotoa nguvu na kubana ulaji, na ndiyo inayofanya uchafu mdogo usioonekana kwa macho uwe msumeno. Mimi nilibadilisha zote nne gari likiwa na kilomita 150,000 hivi. Milioni 4 na laki 2, pamoja na kuingiza namba zake (code) kwenye kompyuta ya gari, maana kila nozeli ina namba yake na bila kuiingiza injini inagonga na kutoa moshi. Gawanya kwa kilomita: shilingi 28.

Mkanda wa taimingi na akiba ya turbo: 2TR inatumia cheni, haina mkanda wala turbo. 1KD ina vyote viwili. Naweka shilingi 10 kwa kilomita na naona nimeipendelea dizeli.

Jumla ni 46. Toa kwenye 99, inabaki 53. Hiyo shilingi 53 ndiyo faida halisi ya dizeli yangu kwa kilomita, si 99.

Sasa bei ya kununulia. Ya petroli niliipata kwa milioni 38, ya dizeli milioni 50. Pengo milioni 12. Nikiziuza leo, kwa bei ninazopewa na madalali, pengo lingebaki kama milioni 9, kwa sababu dizeli inatafutwa zaidi. Kwa hiyo nimepoteza milioni 3 kwa miaka mitano, laki 6 kwa mwaka. Gawanya kwa 53: kama ulinunua kwa hela yako, dizeli inaanza kukulipa ukivuka kilomita 11,000 hivi kwa mwaka. Ni kidogo, wengi tunavuka.

Mimi nilikopa. Zile milioni 12 za nyongeza, kwa riba ya asilimia 17 ya salio linalopungua, miaka mitatu, zilinilipisha riba ya karibu milioni 3 na laki 4. Igawe kwa miaka mitano ya kukaa na gari: laki 6 na elfu 80 kwa mwaka. Ukijumlisha na laki 6 za kushuka thamani, sasa unahitaji kilomita 24,000 kwa mwaka ili tu usipate hasara. Gari ni lile lile, nozeli ni zile zile. Kilichobadilika ni mfuko ulikotoka mtaji. Sijawahi kumsikia mtu akilisema hili kijiweni, na mimi mwenyewe nililiona nikiwa nimeshamaliza kulipa.

Jambo la mwisho ni mzigo. Wastani wa 8 na 11 ni wa gari lisilobeba sana. Msimu wa kilimo nabeba mbolea mifuko 18 ya kilo 50, Dar hadi Ilula, karibu kilomita 450 na mlima Kitonga ndani yake. Hapo petroli inashuka hadi kilomita 6.5 kwa lita, dizeli 9.5. Pengo linapanda kutoka 99 hadi 141, safari moja ya kwenda inaokoa elfu 63 na ushee. Sababu yake unaisikia mguuni. 2TR inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, Nm 241, kwenye mizunguko 3,800. 1KD inatoa Nm 343 kuanzia mizunguko 1,400. Kitonga ile ya petroli napanda nayo gia ya pili ikilia, dizeli inapanda gia ya tatu imetulia. Sitaki kudanganya mtu hapa: ukiwa mtu wa milima na mizigo, dizeli ni gari jingine kabisa.

Karibuni.

MCHANGIAJI, MAFINGA

Mkuu, hesabu safi, ila umeziweka dizeli zote kapu moja. Dizeli unayoisema ni ya kompyuta. Mimi nina Hilux ya zamani, injini 3L, pampu ya kawaida, haina turbo wala nozeli za umeme. Nabeba mbao kutoka Sao Hill. Nozeli nne zikichoka napeleka kwa fundi wa pampu, anabadilisha ncha, anapima presha kwenye mashine yake, jioni nipo barabarani. Sijawahi kulipa hata laki 3 kwa kazi hiyo. Haina mbio, Kitonga naachwa na kila mtu, lakini nafika. Huku kwetu fundi wa 3L na 5L yupo kila kijiji. Fundi mwenye kompyuta ya kusoma 1KD yuko Iringa au Mbeya.

MLETA UZI

Umenipiga mahali pazuri, nakubali. Kwa 3L na 5L ile shilingi 28 ya nozeli inakuwa 3 au 4. Tatizo nililokutana nalo nilipotafuta ni kwamba zilizobaki ni kuukuu, na bodi nyingi zimeliwa na kutu. Ukiwa nayo nzima, usiiuze.

MCHANGIAJI, DODOMA

Samahani mkuu, kuna kitu umekiruka. Umesema ulikopa. Benki haikukubalii mkopo wa gari bila bima kubwa, na bima kubwa inatozwa kwa asilimia ya thamani. Gari la bei kubwa, bima kubwa zaidi. Mbona haimo?

MLETA UZI

Haimo kwa sababu nililipa bima ya magari yote mawili kwa mkupuo mmoja na sikuwahi kuyatenganisha. Nimerudi kwenye risiti. Nilitozwa asilimia 3.5 ya thamani, na VAT asilimia 18 juu yake. Pengo la thamani kati ya magari mawili kwa wastani wa miaka hiyo ni milioni 10 na nusu. Asilimia 3.5 ni 367,500, na VAT inafika kama 434,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye mkopo na bima kubwa hahitaji tena kilomita 24,000, anahitaji karibu 32,000. Asante sana, hilo ni kosa langu na limebadilisha jibu. Mwenye hela taslimu na bima ndogo anabaki kwenye 11,000 yake.

Nikumbushe pia, kwa wanaodhani kuna ada ya mwaka ya barabara ya kuhesabu: ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tunalipa pampuni, anayechoma lita nyingi analipa zaidi.

FUNDI, TABATA

Nimesoma kimya, sasa niseme kama mtu anayezifungua hizi injini.

Nozeli za 1KD haziui gari kwa kuchoka zenyewe. Chini ya kila nozeli kuna washa (kipete cha kuziba) ya shaba. Ikilegea, moshi wa mwako unapenya juu na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito kama lami, masizi yanaziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili haipandi, metali (beringi za injini) zinaliwa, injini imekufa. Mteja anakuja analalamikia nozeli, kumbe anazika injini nzima. Kwa hiyo ukinunua 1KD, usiridhike na kuisikiliza tu. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, uone kama inapumua sana. Kisha lipa fundi ashushe sampu uangalie chujio. Ni kazi ya nusu siku. Washa zile ni vitu vya bei ndogo, badilisha kabla hazijakudai.

La pili ni maji. Filta ya dizeli ina kikombe chini chenye kizibo cha kutolea maji. Magari mengi ninayopokea kizibo hicho hakijawahi kufunguliwa tangu gari lishuke bandarini. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, watu wanaendelea na safari. Maji kwenye presha ile yanakula chuma.

La tatu ni mafuta machafu. Tunajua historia ya kuchakachua hapa nchini. Vinasaba kwenye mafuta (alama za kutambua mafuta halali) vilianza 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe tena. Imepungua sana, haijaisha. Mafuta ya taa ni makavu kuliko dizeli, hayalainishi. Kwenye petroli utaona gari linakosa nguvu na plagi zinachafuka, unabadilisha plagi. Kwenye D-4D, pampu na nozeli vinajisaga. Kwa hiyo mwenye dizeli ya kisasa lazima awe na kituo chake anachokiamini na akae nacho.

Na nyie mnaonunua mpya mpya za kuanzia 2015, injini 2.4 na 2.8 (2GD na 1GD), hizo zimerudi kwenye cheni, mkanda hamna. Lakini zinazotoka Japani na Uingereza zina DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa kuchoma masizi likipata moto wa safari ndefu. Gari la kwenda Kariakoo na kurudi Sinza halipati moto huo. Linaziba.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Habari zenu ndugu. Huku kwetu pickup karibu zote ni dizeli, D-Max na Hilux, na sababu moja ni bei. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, wakitangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, petroli Nairobi kwa kawaida huwa juu ya dizeli. Kwa hiyo ile 99 yako huku inakuwa kubwa zaidi, na break-even, yaani kilomita za kurudisha gharama, inafika mapema. Ningependa kuongeza jambo la mafuta: Afrika Mashariki tulishuka hadi kiwango cha salfa cha 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) kwenye dizeli mwaka 2015, Japani na Ulaya wako 10. Fundi wa Tabata amesema kweli kuhusu DPF, na hata huko Australia Toyota ilipelekwa mahakamani na wenye Hilux kwa ajili ya kifaa hicho hicho. Ukiagiza, uliza mapema kama inayo.

Swali: mbona Vigo zenu nyingi zinatoka Thailand na si Japani?

MLETA UZI

Kwa sababu Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017. Ilirudi Septemba 2017 ikiwa na ile 2.4 ya dizeli, na yenyewe ikitengenezwa Thailand. Kwa hiyo mtu akikuuzia "Vigo ya 2010 kutoka Japani", muulize vizuri ilifikaje huko. Nyingi zimetoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini, na kila nchi ina ugonjwa wake. Za Uingereza angalia chini, chumvi ya barabarani wakati wa baridi inakula chesisi.

Niongeze mkasa mmoja, maana umenigharimu. Kuna kituo kimoja cha mafuta, njiani, kijana alinijazia petroli kwenye dizeli. Lita 30. Dereva wangu aliona risiti akiwa ameshakaa kwenye usukani, na cha kumshukuru Mungu hakuwasha. Tulisukuma gari pembeni, tukashusha tenki, tukabadilisha filta. Siku moja na laki mbili na nusu. Angewasha, petroli ingepita kwenye pampu ile ya presha bila kuilainisha, na tungekuwa tunazungumza milioni. Tangu siku hiyo dereva anashuka mwenyewe, anasimama kwenye pampu, na kifuniko cha tenki nimekiandika DIZELI kwa rangi nyeupe.

MCHANGIAJI, BUNJU

Kaka shikamoo. Nimefuatilia uzi wote kwa sababu nipo kwenye uamuzi huu wiki hii. Nauza mayai na chakula cha kuku. Naenda Tegeta, Mwenge, mara chache Kariakoo. Mzigo wangu ni trei za mayai na mifuko ya chakula, si zaidi ya kilo 500. SACCOS yetu imenikubalia mkopo. Kaka yangu anasisitiza dizeli kwa sababu "biashara ni dizeli". Fundi wa mtaani naye anasema hivyo hivyo. Nichukue ipi?

MLETA UZI

Marahaba dada yangu. Kabla sijajibu: kwa siku unatembea kilomita ngapi? Usikadirie kwa akili. Kama sasa unakodi kirikuu, muulize dereva asome namba asubuhi na jioni kwa siku sita.

MCHANGIAJI, BUNJU

Nimefanya kama ulivyosema. Siku sita zimetoka kilomita 212.

MLETA UZI

Vizuri. Hiyo ni kama kilomita 11,000 kwa mwaka. Wewe unakopa, kwa hiyo mstari wako ni kilomita 24,000 bila bima kubwa, 32,000 ukiwa nayo. Hufiki hata nusu ya ule wa kwanza. Kwa kilomita 11,000, faida ya dizeli ni 53 mara 11,000, yaani 583,000 kwa mwaka. Riba na kushuka thamani ni milioni 1 na 280,000. Dizeli ingekuwa inakuchukulia karibu laki 7 kila mwaka ili tu uisikie ikiunguruma. Na foleni za barabara ya Bagamoyo, safari fupi fupi na kusimama, ndiyo mazingira anayosema fundi yanayojaza masizi.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe wa Dar ambalo mimi wa kwenda Ilula halinisaidii: gari la petroli linaweza kufungwa mfumo wa gesi asilia. DIT, chuo cha teknolojia cha Dar, wanafunga, na karakana nyingine zipo. Kilo moja ya gesi imekuwa ikiuzwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli, na inakupeleka mbali kuliko lita. Ubaya wake ni foleni kwenye vituo, kama pale Ubungo, na mtungi unakula nafasi kwenye bodi. Pima kama trei zako zitatosha. Sikushauri ufunge leo. Nunua gari, litumie miezi mitatu, jua mafuta yako ni shilingi ngapi kwa mwezi, ndipo uamue. Dizeli ingekufungia mlango huo.

Kaka yako mwambie kwa heshima kwamba hakukosea kwa mtu wa Makambako anayebeba viazi. Amekosea kwako.

FUNDI, TABATA

Naunga mkono. Dada, ukienda kuliona hilo la 2.7, nenda asubuhi mwenyewe hajaliwasha. Shika injini kwa mkono, iwe ya baridi. Liwashe ukisimama mbele, bonti wazi. Cheni ikipiga kelele sekunde mbili tatu za mwanzo kisha ikanyamaza, punguza bei. Isiponyamaza, achana nalo. Chungulia rejeta: maji yawe na rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), si kahawia. Halafu angalia chesisi nyuma ya tairi za nyuma, hapo ndipo kutu inapoanzia.

MCHANGIAJI, BUNJU

Asanteni sana kaka zangu. Nimeona mawili, moja Mwenge na moja Kinondoni. La Mwenge mwenyewe alikuwa ameshaliwasha kabla sijafika, injini ya moto, nimeliacha. La Kinondoni nimepanga kesho saa 12 asubuhi, nimemwambia asiliguse.

MLETA UZI

Umefanya vizuri kuliruka la Mwenge. La kesho, ukilipenda, usilipe siku hiyo hiyo. Chukua namba ya chesisi na kadi ya gari, jina la kwenye kadi lifanane na la anayeuza, na mkutane TRA kubadilisha umiliki kabla fedha yote haijatoka. Ukirudi tuambie limesoma kilomita ngapi.